Viazi lishe Tabora: shida ni marando na jua

Anayetaka kulima viazi lishe, vile viazi vitamu vya njano ndani, hapa Tabora asianze kuulizia bei ya mbegu. Ajiulize kwanza: tangu Mei hadi mvua za Novemba, marando yake, yaani mashina yanayopandwa kama mbegu, atayaweka wapi?

Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Viazi vikishavunwa ng'ombe huachiwa mashamba, na marando yasiyoliwa yanakauka. Ndiyo maana unamkuta mtu aliyepewa mbegu bure mwaka juzi, leo hana hata shina. Mimi nina kitalu kidogo karibu na kisima, pale panapomwagwa maji ya kusuuzia vyombo, nimekizungushia miiba. Asiye na maji ya karibu achague viazi vidogo vizima wakati wa kuvuna, visivyo na tundu la fukusi, avifukie kwenye beseni la mchanga mkavu ndani ya nyumba. Mwezi mmoja na nusu au miwili kabla ya mvua avipande bustanini na kuvimwagilia, vitachipua.

Mama mkwe alipoonja viazi lishe alisema, "Hili boga, mwanangu. Kiazi kiko wapi?" Ana haki. Vya njano vingi vina maji kuliko vyeupe tulivyozoea, na mtu aliyetoka kwenye tumbaku anataka kitu kinachokaa tumboni. Matuta ya vyeupe yabaki. Ya njano yawe ya watoto na wajawazito kwanza. Katika aina za njano, Kabode ina unga wa kuridhisha. Ejumula ni tamu pia, ila hushikwa na virusi upesi.

Kuna wanaonong'ona kwamba hivi vimetengenezwa maabara. Kabode ilizalishwa Uganda kwa kuchavusha na kuchagua, kazi ya watafiti akiwamo Robert Mwanga, mmoja wa waliopata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Rangi ile ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ileile ya matone wanayopewa watoto kliniki kila miezi sita. Kiazi kidogo cha gramu 125 kinatosha mahitaji ya siku ya mtoto wa chini ya miaka mitano.

Sasa michembe, yaani vipande vya viazi vilivyokaushwa, maana hapa ndipo tunapopoteza lishe. Tumezoea kuianika juani, kwenye mawe au juu ya bati, siku kadhaa. Kwa vyeupe haidhuru. Vya njano jua huvila rangi: unaanika njano iliyokolea, unaanua kitu cha rangi ya udongo, na sehemu ya lishe imekwenda na rangi. Mimi nakata vipande vyembamba vikauke upesi, naanika kwenye chanja chini ya paa la nyasi, upepo upite. Hata hivyo karotini huendelea kupungua ghalani, kwa hiyo tunaanza kula michembe ya njano; ya vyeupe ndiyo inayosubiri Januari. Ukichemsha vibichi, chemsha na maganda, sufuria ikiwa imefunikwa.

Na usimpe mtoto kiazi kitupu. Vitamini A inahitaji mafuta ili iingie mwilini, nasi karanga tunazo: saga, changanya kwenye michembe inapokaribia kuiva. Ndugu zetu wa Kigoma wana mawese, ambayo yakiwa mekundu yana karotini yake yenyewe, mradi wasiyachome jikoni mpaka yawe meupe.