"Manufaa ya wengi" yakimwelemea mmoja

SWALI: Ndugu mhariri, mtaani kwetu Manzese tunataka kupanua njia gari la zimamoto lipite. Banda la mama lishe mmoja, mita 2 kwa 3, ndani ya kiwanja chake, linatakiwa livunjwe. Akilalamika kikaoni anaambiwa, "Acha ubinafsi, ni kwa manufaa ya wengi." Amenyamaza. Je, ni haki?

JIBU: Njia yenyewe huenda ni ya lazima, moto ukiwaka uchochoroni, hausubiri mtu. Lakini kauli ile haikumjibu mama, imemziba mdomo tu. Imegeuza swali la "nani atalipa?" kuwa swali la tabia yake.

Tazameni hesabu. Faida inagawanywa kwa kaya zote, hasara inabaki kwenye sufuria za mtu mmoja. Kama kaya ni 60, kila moja ikichanga shilingi 10,000, zinapatikana 600,000 za kumjengea banda jingine. Wakikataa kuchanga, basi manufaa hayo wanayataka kwa gharama ya jirani yao.

Hata Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 24, hairuhusu mtu kunyang'anywa mali yake bila sheria inayoweka fidia inayostahili.

Kikao kijacho nendeni na futi kamba. Pimeni: linahitajika banda zima, au mita 1 inatosha? Upande wa pili je, kuna ukuta wa mtu mwenye sauti kubwa ambao haukutajwa? Kisha muhtasari uandike mama anapoteza nini, pamoja na mauzo ya siku za kuhama, na nani analipa, lini. Hayo yaandikwe kabla ya kupiga kura. Baada ya kubomoa, ahadi husahaulika.