Shemeji hataki niseme kwamba marehemu mume wangu alikuwa akifua sare za watoto

Shikamoo Anti.

Nina watoto watatu, naishi Gongo la Mboto. Mume wangu alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo, tukamzika kwao Songea. Mwezi ujao anatimiza mwaka. Kwa kuwa si wote wenye uwezo wa kusafiri, familia imekubaliana tufanye misa ya kumbukumbu hapa Dar, kisha chakula nyumbani. Mimi nimepewa kusoma wasifu wake.

Alikuwa dereva wa daladala. Saa kumi alfajiri ameshatoka, anarudi saa nne usiku baada ya kupeleka hesabu kwa tajiri. Na uchovu wote huo, ndiye aliyekuwa akifua sare za watoto. Anakaa kwenye kigoda koridoni, beseni mbele yake, anasugua kola za mashati kwa sabuni ya mche, kisha anazitundika mbele ya feni ili asubuhi ziwe zimekauka. Jumapili gari anamwachia deiwaka, dereva wa kumshikia kwa siku, tunakwenda kanisani, halafu anawapeleka watoto Magogoni wapande pantoni kwenda Kigamboni na kurudi.

Hayo ndiyo niliyoandika. Nilipomsomea shemeji, kaka yake mkubwa, alikasirika. Anasema namdhalilisha ndugu yake, watu watadhani nilimpa limbwata. Anataka nisome wasifu uleule wa siku ya mazishi: alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, ameacha mjane na watoto watatu. Nikiusoma ule naona kama wanamzungumzia mtu mwingine. Na kitindamimba wetu, aliyekuwa na miaka mitatu baba yake alipofariki, ameanza kumsahau. Nifanyeje? Mirathi nayo bado hatujafungua.

Mama Neema

Marahaba mwanangu, na pole sana. Siku za mwanzo za msiba nyumba inajaa watu mpaka unakosa pa kukaa. Mwaka unapotimia wengi wamesharudi kwenye shughuli zao, na wewe umebaki na kile kigoda koridoni. Kwa hiyo pole yangu ya leo ni ya dhati kabisa.

Nianze na jibu lenyewe: soma ulichoandika. Ila usikisome kabla hujarudi kwa shemeji yako, na hapo chini nitakwambia kwa nini.

Ule wasifu wa mazishi usiulaumu. Uliandikwa usiku mmoja, huku wengine wanatafuta gari la kusafirisha mwili, wengine wanahesabu rambirambi, wengine wanapiga simu Songea kuuliza kaburi limefikia wapi. Katika hali ile watu huandika yale ambayo hayana ubishi: mwaka wa kuzaliwa, shule, kazi, idadi ya watoto. Ulifanya kazi yake. Lakini watakaokuja mwezi ujao hawaji kujua alizaliwa lini, wanajua. Wanakuja kumkumbuka, na huwezi kumkumbuka mtu kwa tarehe.

Sasa hili la kudhalilishwa. Mwanangu, hebu lipige hesabu vizuri, kwa sababu nadhani hata wewe hujaeleza uzito wote wa alichokuwa akikifanya. Toka saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri ni saa sita tu, na humo ndimo ale, aoge na alale. Mwanamume huyu alichukua sehemu ya saa hizo akakaa na beseni. Halafu Jumapili. Mfanyakazi wa ofisini akipumzika, mshahara wake uko palepale. Dereva wa daladala anakula kile kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ya tajiri. Siku asiyoshika usukani hakibaki kitu, au kinabaki kidogo alichomkatia deiwaka. Kila Jumapili mliyokwenda Magogoni aliilipia kutoka mfukoni mwake, na sidhani kama aliwahi kuwaambia. Liseme hilo. Mtu yeyote wa pale kituoni atakuelewa papo hapo, na atakayezungumzia limbwata baada ya kusikia hivyo, mwache na maneno yake.

Hata wakubwa tunawakumbuka hivyo. Mwalimu Nyerere ana Azimio la Arusha, ana uhuru wa mwaka 1961, mambo yanayofundishwa darasani. Lakini wazee wakianza kumsimulia, mara utasikia alivyopenda kukaa Butiama na kucheza bao. Hakuna anayeona kwamba bao linampunguzia heshima.

Kuhusu shemeji, usimchukulie kama adui. Amezika mdogo wake. Wanaume wengi wa umri wake walilelewa kuamini kwamba mapenzi ya baba ni ada na bati za kuezekea, hayo mengine hufanyika lakini hayatajwi. Akisikia habari ya beseni anaona watu wanamcheka ndugu yake ambaye hawezi tena kujitetea. Hasira ile ni ulinzi. Nenda kwake tena, safari hii usiende peke yako. Nenda na mkewe au mzee wa upande wao anayemsikiliza, na usiende na karatasi. Nenda na swali. Muulize mdogo wake alikuwaje utotoni huko Songea. Walichunga pamoja? Nani alikuwa mtundu? Ni nani aliyempokea stendi alipofika Dar mara ya kwanza? Yeye ana miaka ya mumeo ambayo wewe huna hata siku yake moja. Mwombe siku ya kumbukumbu aisimulie mwenyewe, asimame kabla yako, aseme ya utotoni, ndipo wewe useme ya ndoa. Mtu aliyepewa nafasi yake hana sababu ya kuifunga yako. Akikataa bado, mwambie kwa adabu, mbele ya huyo mzee, kwamba utasoma. Asije kusikia akiwa amekaa mbele ya wageni na sahani ya pilau mkononi. Hilo litakuwa kosa, hata kama haki ni yako.

Na wengine pia waulize, hasa konda wake. Ningependa sana kujua kama mumeo alikuwa akipakia wanafunzi asubuhi. Kila mzazi wa Dar anaelewa kwa nini nauliza: mwanafunzi analipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, gari linakimbizana na hesabu, na watoto wanaachwa kituoni na mabegi yao mgongoni. Kama alikuwa anasimama na kuwachukua, wapo vijana wa watu waliofika shule kwa wakati kwa sababu yake, na jambo hilo linastahili kusomwa kwa sauti.

Weka pia kasoro yake moja, ndogo. Alikuwa anakoroma? Alikuwa mgumu kuomba msamaha? Watoto wako watakua na kugombana na wenzi wao siku moja, na baba aliyegeuzwa malaika hatawasaidia kitu.

Kitindamimba usimlaumu wala usijilaumu. Mtoto wa umri ule hubaki na machache sana hata angelelewa vipi. Kumbukumbu zake mtamjengea ninyi, kwa kumrudia habari moja hiyohiyo mpaka iwe yake. Mpeleke Magogoni, mpande pantoni, dada yake amwonyeshe baba alikuwa anasimama upande gani. Na kama una sauti za marehemu kwenye simu, zile jumbe za kusema njooni mnipokee au leteni ufunguo, zihamishie mahali pengine leo, kwenye simu ya mtu mwingine na kwenye kompyuta. Msiitegemee laini yake. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba akapewa mtu mwingine. Nimeona mjane akipiga namba ya mumewe akapokelewa na mgeni, na sikutakii hilo.

Mirathi isichanganywe na siku ya kumbukumbu hata kidogo. Maliza misa kwanza, lakini usiiache tena ikapita mwaka mwingine. Mnahitaji kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa na cheti cha kifo cha RITA, ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo, kisha mahakamani. Temeke kuna kituo cha mahakama kinachoshughulikia mirathi, ndoa na mambo ya watoto; anzia kuuliza pale, na uende mwenyewe, usitume mtu.

Mwisho, usomaji wenyewe. Andika kurasa mbili zisizidi, kwa maandishi makubwa, maana machozi yakija herufi ndogo hazisomeki. Mpe nakala mtu mmoja unayemwamini akae karibu nawe, apokee pale utakaposhindwa. Neema naye muulize kama angependa kusoma ile sehemu ya sare, kwani mashati yalikuwa yake. Akisema hapana, msimlazimishe.