Kindege cha Mafia kwa siku mbili, inawezekana?

SWALI: Mambo vipi dada, mwezi wa kumi na moja mimi na waifu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, nataka nimpeleke kisiwani Mafia kwa ndege ndogo, kazini nimepewa siku mbili tu. Si ndo nitaishia njiani? – Baba Junia, Tabata

JIBU: Hongera shemeji! Njiani wapi, kutoka Dar ni kama nusu saa tu hewani, foleni ya Tabata mpaka eapoti ndo itakuchosha zaidi. Ila mwambie waifu asahau lile sanduku gumu la magurudumu, vile vindege mara nyingi mwisho kilo 15 kwa mtu na wanapenda begi laini linalokunjika, na siti ya dirishani muwahi maana delta ya Rufiji ikionekana kutoka juu we acha tu. Novemba umepatia, potwe, wale papa wakubwa wapole, wanakuwepo karibu na mji wa Kilindoni, nendeni asubuhi bahari ikiwa imetulia. Mkilala kijiji cha Utende mko ndani ya hifadhi ya bahari, kuna kiingilio cha kila siku, kiweke kwenye bajeti. Jioni vukeni kisiwa kidogo cha Chole mkaone popo. Na usirudi ndege ya mwisho kama kesho yake una kikao, hali ya hewa haijui bosi wako.