Dada kamaliza mionzi, sasa mkono unavimba na vidonge kaacha: majibu yangu

Mleta uzi, pole kwa kuuguza. Umeandika kwamba dada yako alikatwa titi, akachomwa kemo (dawa kali za kuua saratani), akamalizia mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, mwaka jana, na nyumbani mkachinja mbuzi kumshukuru Mungu. Sasa hachangamki, akifagia uwanja tu yuko hoi, mkono wa upande aliokatwa unajaa ikifika jioni, na vidonge vya tamoksifeni kaviacha kwa kuwa "si nimeshapona". Unauliza kama anadeka. Hadeki, ndugu yangu. Mimi nilikatwa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, kemo na mionzi nimevipitia, na hayo yote nayajua mwilini mwangu.

Nianze na vidonge, maana hapo ndipo niliposhtuka. Saratani nyingi za matiti hukuzwa na homoni ya estrojeni, na tamoksifeni huizuia homoni hiyo isifanye kazi kwenye chembe za saratani zilizobaki bila kuonekana. Ndiyo maana hunywewa kila siku kwa miaka 5, na wengine huambiwa wafike 10. Kwa wenye saratani ya aina hiyo, miaka 5 ya dawa hii hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja, na faida yake hubaki miaka mingi baada ya kumaliza. Kwa hiyo dada anaposema ameshapona, mwambie hicho kidonge ni sehemu ya kupona kwenyewe.

Ila usimfokee. Muulize taratibu kilichomfanya aache. Pengine ni pesa, pengine duka la dawa liliishiwa akakata tamaa. Pengine ni lile joto: unaamka usiku wa manane kanga imeganda mgongoni kwa jasho, unatupa shuka, punde unatetemeka kwa baridi, na asubuhi huna nguvu ya kuinjika chai. Hilo lizungumzwe kliniki, wapo wanaobadilishiwa dawa. Tena, hata kama hachangamki, asijinunulie dawa za sonona dukani, kwani baadhi yake, kama fluoksetini na paroksetini, zinapunguza nguvu ya tamoksifeni. Na akiona damu ukeni wakati hedhi ilishakoma, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, au akakosa pumzi ghafla, aende hospitali siku hiyohiyo. Kuhusu majani ya mstafeli ambayo mama mdogo wenu anamchemshia: hakuna ushahidi kwamba yanaponya saratani ya binadamu. Kuyaweka mahali pa kidonge ni kumwondolea kinga aliyo nayo.

Mkono sasa. Tezi za kwapani zikitolewa, maji ya limfu hukosa njia ya kurudi, yanatuama. Kati ya waliotolewa tezi hizo, karibu mmoja katika watano huvimba mkono, tena unaweza kuanza hata miaka kadhaa baada ya upasuaji. Nesi aliyenifundisha kujipima alitumia futi ya kamba ya fundi cherehani. Aliweka alama ya kalamu juu ya kiwiko na chini yake, umbali sawa mikono yote miwili, akazungusha futi bila kukaza, akaandika. Tofauti ikifika sentimita 2, usingoje tarehe ya kliniki, nenda ukaonwe. Mimi bado napima, saa ileile, asubuhi kabla ya kazi.

Ngozi ya mkono huo itunzwe sana. Apake mafuta isipasuke, avae glavu akipalilia au akiparua samaki, ajihadhari na mvuke wa sufuria. Sindano na kipimo cha presha aombe vifanyike mkono mwingine. Ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu, hayo ni maambukizi, anahitaji antibayotiki haraka. Lakini msimfungie mkono kwenye kitenge kama yai. Watu wa fiziotherapia watamwonyesha mazoezi na kumpimia soksi ya mkono ya kubana. Kunyanyua vitu polepole, akiongeza uzito kidogokidogo, hakudhuru, kumeshachunguzwa. Kinachotesa ni kukurupuka na ndoo ya lita 20 siku ya kwanza.

Uchovu wake hauishi kwa kulala, na hili ndilo ndugu hawalielewi. Kutembea kila siku ndiko kulikonisaidia, mwanzo mpaka kwa jirani tu, baadaye mpaka sokoni. Hata hivyo apimwe damu, maana upungufu wa damu nao unachosha. Ganzi ya nyayo baada ya kemo ipo pia, mnunulieni viatu vilivyofunika vidole.

Yapo ambayo kwako, kaka yake, hatayasema. Ukavu ukeni na maumivu ya tendo la ndoa yanawapata wengi. Wifi au rafiki wa kike amwambie kuna vilainishi vya maji, na asipake krimu yoyote ya homoni bila daktari. Asishike mimba akiwa kwenye tamoksifeni. Kuhusu kifua, fundi wa mtaani kwangu alinishonea mfuko ndani ya sidiria, tukajaza pamba na punje za mtama mpaka uzito ukalingana na upande wa pili. Siku nilipoivaa kanisani nilisimama wima kwaya nzima.

Na hofu. Mgongo ukiuma kidogo tu, akili inakimbilia kusema imerudi. Usimwambie "acha mawazo". Maumivu ya mfupa yasiyokwisha kwa wiki kadhaa, kikohozi kisichopona, macho ya manjano, uvimbe mpya kwenye kovu au shingoni, hayo yanaangaliwa mara moja. Mengine yanasubiri kliniki, ambayo miaka ya mwanzo huwa kila baada ya miezi michache, pamoja na mamogramu, yaani picha ya eksirei, ya titi lililobaki kila mwaka. Kama nauli ya Dar inawashinda kutoka huko Shinyanga, ulizeni Ocean Road kama anaweza kuhamishiwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Aombe maelezo yaliyoandikwa: aina ya saratani, dawa alizopewa, na mionzi ilipigwa sehemu gani ya mwili.

Mpime mkono kesho asubuhi kisha rudi hapa uandike tofauti ni sentimita ngapi, na ameacha vidonge tangu lini.