Diski ikichomolewa mashine ikiwa inawaka: anayekagua draiva aanzie wapi?

SWALI: Nimepewa kukagua msimbo wa draiva ya diski za SATA kwenye Linux, sehemu mpya inayoruhusu kuchomoa diski na kuchomeka nyingine bila kuzima mashine. Mwandishi amefanya kazi yote ndani ya fanksheni ya katizo (ile inayoitwa papo hapo kifaa kinapotoa ishara): kiungo cha diski na mashine kikikatika anashika mutex (kufuli la kerneli), anaondoa diski kwa del_gendisk (fanksheni ya kerneli ya kuifuta diski kwenye mfumo), kisha anaachia kumbukumbu. Diski ikirudi kabla hajamaliza, anaangalia tu kama kiungo kiko hai, halafu anaruhusu foleni ya maombi iendelee. Anasema amejaribu mara nyingi na haijagoma hata siku moja. Mimi bado mgeni kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux. Nitazame nini kwanza?

JIBU: Kwamba haijagoma, naamini. Muulize tu alijaribu vipi. Wengi huandika 1 kwenye faili la /sys/block/sda/device/delete (sda ni jina ambalo Linux huipa diski), wakaona diski imeondoka salama, wakaridhika. Ile ni kuaga kwa heshima: diski bado ipo, inajibu, na kerneli hupata nafasi ya kuiamuru imwage kashe yake. Mtu akiivuta kwa mkono katikati ya kuandika, hakuna kuaga.

Kosa la kwanza unaweza kuliandika sasa hivi. Mutex ikiwa imeshikwa na mwingine, anayeisubiri hulazwa, na ndani ya katizo hakuna kulala. del_gendisk nayo hulala. Katizo lisome rejista, lifute alama ya tukio, liikabidhi foleni ya kazi (workqueue, ambako kulala kunaruhusiwa) mengine yote, basi. Ukijenga kerneli na chaguo la CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP itapiga kelele yenyewe, kwa hiyo hapo huna haja ya kubishana na mtu.

Muda wako utumie kwenye maombi yaliyokuwa njiani. Diski ya SATA yenye NCQ (uwezo wa diski kupanga amri zake kwenye foleni) hubeba hadi amri 32 kwa wakati mmoja. Chukua karatasi, ufuate ombi moja lililokwisha kukabidhiwa diski, ujiulize: diski imetoweka, sasa nani atalifunga? Lazima mfungaji awepo, na awe mmoja. Asipokuwepo, del_gendisk itasubiri foleni iishe, na foleni haiishi; programu iliyoomba itaganda katika hali ya D (usingizi usiokatizwa), hata kill -9 haiigusi. Wakiwa wawili, yaani taima ya kuchelewa na njia ya kuondoa diski, kila mmoja akifunga kwa wakati wake, ombi lile lile litarudishwa mara mbili. Pengine nafasi yake imeshapewa ombi jingine. Hapo kumbukumbu inaharibika, na kerneli inakuja kuanguka saa nyingine, mahali pengine kabisa, huku lawama ikimwendea asiyehusika. Mwombe mwandishi akuonyeshe mstari mmoja ambapo ombi linachukuliwa na mfungaji wake. Akikuonyesha miwili, rudisha msimbo.

Mpangilio wa kuondoa nao una maana. Zuia kwanza maombi mapya. Simamisha injini ya amri ya kontrola (chipu inayoziendesha diski), maana kontrola iliyobaki inafanya kazi inaweza kuendelea kuandika kwenye bafa ambazo wewe umeshaziachia. Funga yaliyokuwa njiani kwa kosa, ndipo uondoe diski, usimamishe taima na kazi zilizopangwa, na uhakikishe zimesimama kweli, si kwamba zimeambiwa zisimame. Kumbukumbu huachiwa na mshikaji wa mwisho. Mfumo wa mafaili uliopachikwa bado unaishikilia diski hata kama chuma chenyewe kiko mezani. Ndiyo sababu ukivuta sda ikiwa bado inatumika, mpya huweza kuja kama sdb. Watu huripoti jambo hilo kama hitilafu, si hitilafu.

Sasa lile la kuangalia kama kiungo kiko hai tu. Hili lingenikosesha usingizi kuliko mutex. Kiungo hai kinakwambia kuna diski, hakikwambii ni diski ipi. Mtu anachomoa ya kwanza, anachomeka ya pili kwenye tundu lile lile, na draiva inaifungulia foleni ya zamani. Data iliyokuwa inasubiri kuandikwa kwenye ya kwanza inamwagwa juu ya ya pili, sekta kwa sekta, bila kosa lolote kwenye logi za mfumo. Mashine ikianguka utajua. Hapa hujui mpaka mafaili yakatae kufunguka. libata, maktaba ya kerneli inayohudumia diski za SATA, hulinganisha modeli na namba ya seriali, kisha idadi ya sekta, kabla ya kukubali kwamba aliyerudi ni yule yule. (Kwa nini mwandishi hakutumia libata, ambayo imekuwa na uwezo huu tangu kerneli 2.6.18 ya mwaka 2006? Huenda ana sababu. Muulize, kwa upole.)

Mawili madogo. Diski inapochomekwa, miguu ya plagi hugusa na kuachia mara kadhaa. Libata hupima kila milisekunde 25 na kutaka hali itulie kwa milisekunde 500 kabla ya kuamini. Tafuta subira ya namna hiyo. Pia kiungo kikiruhusiwa kulala ili kuokoa umeme, kulala na kuamka kwake huonekana kama kukatika. Bila kulishughulikia hilo, draiva itaondoa diski nzima kwa sababu tu ilikuwa imepumzika.

Ukiona kitanzi kinachosoma rejista hadi biti ya shughuli izimike, dai kikomo cha muda. Kwenye SATA kontrola hubaki kwenye bodi, lakini siku msimbo utakapohamishiwa NVMe (diski zenye kontrola ndani yake), kifaa chenyewe kitaondoka na kila usomaji utarudisha 0xFFFFFFFF. Biti ile haitazimika kamwe.

Kabla ya kuidhinisha, washa KASAN na lockdep (vikaguzi vya kerneli vya makosa ya kumbukumbu na ya kufuli), anzisha fio (programu ya kujaribu diski) ikiandika mfululizo, kisha vuta diski kwa mkono. Rudisha nyingine ya modeli ile ile. Vuta tena kabla haijamaliza kutambuliwa. Mwambie mwandishi akuletee dmesg (ujumbe wa kerneli) ya mara zote tatu.