Ngumi za NHL si ruhusa
Wapo wanaouliza kama NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, inaruhusu wachezaji kupigana. Hapana, hawaruhusu ngumi, ila adhabu yake ni nyepesi kuliko soka. Waliopigana wote wawili wanakaa kizuizini dakika 5 kisha wanarudi mchezoni. Aliyechokoza anaongezewa dakika 2, na nyingine 10 juu yake. Ipo kwenye kanuni ya 46 ya NHL, nimeisoma yenyewe. Wale waamuzi unaowaona wamesimama tu, glavu zimetapakaa kwenye barafu, wanasubiri mmoja aanguke ndipo waingilie. Si uzembe: kujitia katikati ya ngumi na viatu vyenye makali ya chuma ni kutafuta kushonwa. Ila usichanganye na Olimpiki, huko ukipigana unatolewa moja kwa moja. Mie ningependa NHL nao wafuate hivyo, japo mashabiki wa kule wangenuna.