Maswali ya Nyumbani: Shawa Inayodondoka Usiku Kucha

SWALI: Mhariri, mimi ni mpangaji mtaani Lanet, Nakuru. Shawa yetu ni ya umeme, ile inayopasha maji yanapopita, na kwa miezi mitatu sasa inadondoka usiku kucha hata tukiwa tumeifunga. Nimekuwa nikiikaza koki ya ukutani kwa nguvu, na majuzi nikatumia koleo, lakini matone yamezidi. Maji ya mfereji huja kwetu siku mbili tu kwa juma, na tangi likiisha tunanunua kwa mitungi. Fundi aliyekuja alisema tatizo ni hita, akapendekeza tuongeze koki ndogo kati ya hita na kichwa cha shawa ili tuwe tunafungia hapo. Je, nikubali? Na kuna sehemu ninayoweza kuitengeneza mwenyewe?
Msomaji, Lanet

JIBU: Tafadhali usikubali koki hiyo. Nimeanza na hilo kabla ya mengine yote kwa sababu ni suala la usalama wa watu wa nyumba yako. Hita za namna hii hutengenezwa ili mdomo wa kutolea maji ubaki wazi wakati wote. Katika aina nyingi, msukumo wa maji yanayoingia huinua utando mdogo wa mpira, na utando huo ndio unaounganisha umeme. Ukifunga njia ya kutokea, msukumo unabaki ndani, umeme unaweza kuendelea kuwaka, na maji yaliyosimama yakachemka ndani ya kasha la plastiki ambalo halikuundwa kustahimili hali hiyo. Kasha likipasuka, maji ya moto na nyaya za umeme vitakutana juu ya kichwa cha mtu anayeoga.

Wala hita haina kosa hapa. Haina uwezo wa kuzuia maji. Hupokea tu yale ambayo koki ya ukutani imeyaachilia. Matone ya dakika chache baada ya kuoga ni maji yaliyobaki kwenye kichwa cha shawa na si ubovu, lakini matone ya usiku kucha yanamaanisha kwamba koki haifungi. Ndani ya koki ya kawaida mna washa, yaani kipete cha mpira kinachokandamizwa juu ya kiti cha shaba. Penye mgao, maji yanaporudi huja na mchanga na kutu ya mabomba, na chembe hizo hunaswa kati ya washa na kiti. Kila unapokaza zaidi, unazididimiza ndani ya mpira na kukikwaruza kiti chenyewe, na ndiyo sababu matone yaliongezeka ulipotumia koleo.

Kabla ya kuahirisha kazi hii tena, kinga matone kwa jagi la lita 1 na uangalie saa. Likijaa kwa saa moja, unapoteza lita 24 kwa siku, nazo ni lita 720 kwa siku 30, yaani mitungi 36 ya lita 20. Kwa nyumba inayonunua maji, hayo si matone ya kupuuzwa.

Mjulishe mwenye nyumba kwanza, kisha kazi yenyewe unaiweza. Zima umeme wa shawa kwenye swichi yake na pia kwenye sanduku kuu, funga koki kuu inayotoka kwenye tangi, kisha fungulia shawa na mifereji mingine hadi maji yakatike. Ziba tundu la sakafuni kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Ondoa mkono wa koki kwa bisibisi, funika sehemu ya shaba kwa kitambaa ili spana isiichubue, na uizungushe kinyume cha saa mpaka kichwa cha koki kitoke. Utaona washa mwishoni mwake. Ichukue uende nayo dukani ili upewe ya kipimo hicho hicho, maana kukisia ukubwa ndiko kunakowafanya wengi warudi dukani mara tatu. Mulika kiti kwa tochi na ukipapase kwa kidole: kikiwa laini, washa mpya itatosha, kikiwa na vishimo, fundi akisage au koki ibadilishwe yote. Ikiwa mkono wa koki yako huzunguka robo tu, basi hufunga kwa visahani vya kauri vilivyo ndani na haina washa. Hiyo hubadilishwa katriji nzima, yaani kiini chake chote.

Unaporudisha kichwa cha koki, kiache kikiwa kimefunguliwa nusu ili washa mpya isikwaruzwe. Fungulia maji polepole, na uyaache yapite kwenye hita hadi yatoke mfululizo kabla ya kuwasha umeme, kwa kuwa koili ya hita ikiwashwa kavu huungua. Kuanzia hapo funga kwa mkono tu, na uishie pale maji yanapokatika.

Ikiwa ukuta una unyevu, hilo ni jambo jingine. Usitegemee mita, kwa sababu haioni maji yanayovuja baada ya tangi. Weka alama kwenye kimo cha maji tangini jioni, hakikisha koki ya kujaza imefungwa na hakuna anayetumia maji, kisha uangalie alfajiri: kimo kikiwa kimeshuka, kuna mahali maji yanavuja. Mabomba ya PPR, yaani ya plastiki ngumu, huunganishwa kwa kuyeyushwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi, kwa hiyo tepu na gundi havitasaidia. Mwenye nyumba amlete fundi mwenye mashine hiyo.

Na iwapo maji yanatoka kwenye kasha la hita badala ya matundu ya shawa, au mtu yeyote nyumbani amewahi kuhisi mtetemo wa umeme akigusa koki, msioge humo hata mara moja zaidi. Zimeni swichi kuu ya shawa, mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati nchini Kenya), na mwombe apime pia waya wa ardhi.